Niambie Jina Lake

Kabla waya wa SEACOM haujaibuka kutoka baharini pale Dar es Salaam mwezi Julai 2009, intaneti ya Iringa ilitoka angani. Ilishukia kwenye dishi lililofungwa kwa nondo juu ya bati la kafe yetu, mtaa wa Miyomboni, ikateremka kwa waya mweusi, ikagawanywa kwa mashine zote zilizokuwa ndani, na kilichomfikia mteja kilikuwa tone. Siku ya mvua kubwa hata hilo tone halikufika. Picha ilijichora kuanzia juu, mstari baada ya mstari. Mteja mwenye haraka aliona nywele na paji la uso, akatoka kununua vocha, akirudi anakuta pua ndiyo inaanza.

Nilikuwa kijana wa kaunta. Nilimaliza kidato cha sita, nikasubiri matokeo. Matokeo yakaja, nikasubiri mkopo wa chuo. Na katika kusubiri huko kazi ikanizoea. Nilikata tiketi za muda, nikachapa barua za maombi ya kazi, nikawasha jenereta umeme ukikatika, nikawaamsha waliosinzia mbele ya skrini huku dakika zao zikienda. Hayo ndiyo niliyoajiriwa kuyafanya. Ambalo sikuajiriwa kulifanya, na ndilo lililonikalisha pale, lilikuwa kuwatafutia watu mambo kwenye ensaiklopidia.

Tulikuwa nazo mbili. Ya kwanza ilikuwa Encarta, ile ya Microsoft iliyoanza kuuzwa mwaka 1993. Ilikaa kwenye mashine ya kona, imepakiwa kutoka kwenye sidii ambayo bosi aliinunua Kariakoo bila kasha, na kwa kuwa haikuhitaji dishi tuliitoza nusu bei. Ilikuwa kuukuu. Mwaka 2006 Kongo ya Encarta yetu ilikuwa bado Zaire, na Mobutu alikuwa bado anatawala, ingawa mwenyewe alikwisha kufia Morocco tangu 1997. Watoto wa shule waliokuja Jumamosi hawakujali hilo. Walifuata mchezo uliokuwa ndani yake, wa kutembea katika vyumba vya ngome ambavyo milango yake haifunguki mpaka ujibu swali, na wakajua mji mkuu wa Mongolia kabla ya kujua makao makuu ya mkoa wa jirani.

Ya pili ilikuwa Wikipedia, iliyoanzishwa Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger. Hiyo ilikula dishi. Upande wa kushoto wa ukurasa palikuwa na kisanduku cha kuandikia, na chini yake vitufe viwili. Kitufe cha kwanza kilikupeleka moja kwa moja kwenye makala yenye jina uliloandika. Cha pili kilikukusanyia kila ukurasa wenye neno lako ndani yake, popote lilipojificha. Kwa mtu anayelipia dakika, kubonyeza cha pili kulikuwa kuchoma pesa, na wateja wangu nilikuwa nawakataza, ila mimi mwenyewe, baada ya saa mbili usiku, bosi akiwa ameondoka, sikubonyeza kingine.

Shida ilikuwa hii: ensaiklopidia haikujua maswali. Ilijua majina. Watu nao hawaji na majina, wanakuja na maswali, tena maswali yaliyopinda, yenye historia ya familia ndani yake. Kwa hiyo mtu akisimama mbele ya kaunta akaanza kueleza, nilimsikiliza mpaka mwisho, halafu nikasema, "Sawa, sasa niambie jina lake." Jina la ugonjwa, la vita, la mji, la mzungu aliyehusika. Likipatikana jina, safari imeanza. Lisipopatikana tulikaa tukilibuni pamoja, herufi kwa herufi, na wa mashine ya jirani akichangia.

Alikuja mama mmoja anayeuza vitunguu sokoni, mwenye mjukuu anayeishiwa damu kila mara. Mkwe wake alikuwa amelaumiwa na ukoo mzima: ameleta mkosi. "Mwanangu, nataka kujua ile damu inakwenda wapi," akaniambia. Nikamuuliza hospitali walisemaje. Hakukumbuka, ila alikuwa na kadi ya kliniki, na juu ya kadi daktari ameandika herufi nne: HbSS. Hizo zilitosha. Ni selimundu, na makala yake ilikuwa ndefu.

Nilimsomea kwa Kiswahili huku macho yangu yakiwa kwenye Kiingereza, kazi ambayo nilikuwa nimeizoea kama kondakta anavyozoea kurudisha chenji huku gari linakwenda. Nikafika mahali paliponishangaza hata mimi. Aliyeunganisha ugonjwa huu na malaria alikuwa Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alizunguka Kenya akipima damu za watu, akaona kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria watu zaidi ya ishirini katika mia walibeba kirithi cha selimundu, na kule milimani kwenye baridi karibu hakuna. Ramani ya selimundu ikalala juu ya ramani ya mbu. Mwaka 1954 akatoa maelezo yake: anayekipata kirithi hicho kwa mzazi mmoja tu anakingwa kiasi na malaria kali, hivyo anaishi, anazaa, na kukirithisha. Anayekipata kwa baba na kwa mama pia, huyo ndiye anayeugua.

"Kwa baba na kwa mama?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Wote wawili."

"Kwa hiyo mwanangu mimi naye anacho."

"Lazima."

Akaniambia nimchapie ukurasa ule. Nikamwambia ni wa Kiingereza, hautamfaa. Akasema hautaki wa kusoma, anautaka wa kuonyesha. Akaukunja, akautia kwenye pindo la kanga pamoja na pesa zake, akaenda nao kwenye kikao cha ukoo. Kilichosemwa huko sikukisikia, ila yule mkwe alipita kafe baadaye akanisalimia kwa jina langu.

Historia ililetwa na wazee. Mmoja wao alikuwa karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, mwembamba, koti la suti katika joto na katika baridi, kalamu mbili mfukoni. Aliingia, akasema "Kamwene" kwa kafe nzima kana kwamba ameingia msibani, nikamwamkia shikamoo, akaketi. Alikuwa amesikia redioni kwamba Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, ametajwa katika mkataba uliomaliza vita ya kwanza ya dunia. Hakutaka kusimuliwa. Alitaka ibara.

Habari yenyewe kila mtoto wa Iringa anaijua kwa kichwa: Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Wajerumani chini ya Zelewski likavunjwa na Zelewski mwenyewe akafa palepale, ngome ya Kalenga ikaangushwa 1894, kisha miaka ya kuwindwa porini mpaka Julai 1898, Mkwawa alipojipiga risasi kuliko kukamatwa, na Wajerumani wakakata kichwa wakaondoka nacho. Ambacho hatukukijua kwa kichwa kilikuwa kwenye makala ya Mkataba wa Versailles, na mkataba ule, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919, una ibara 440. Tuliifungua polepole. Mzee alilipia saa nzima bila kunung'unika, akisubiri ukurasa ujae kama aliyezoea kusubiri mashahidi.

Ibara ya 246. Inaitaka Ujerumani ikabidhi kwa serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa, ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kufanya kazi. Nilimsomea mara mbili. Akaniambia nirudi juu, nimsomee ibara yote toka mwanzo, kwa sababu ibara haisomwi kipande. Nikarudi. Kumbe sentensi ya kwanza ya ibara hiyohiyo haihusu fuvu. Inahusu Kurani asilia ya Halifa Othman, iliyochukuliwa Madina na Waturuki na kusemekana kupewa Mfalme wa Ujerumani. Nayo irudishwe, kwa Mfalme wa Hijazi, ndani ya miezi sita ileile.

"Msahafu wa Sayyidna Othman?" akauliza kijana aliyekuwa mashine ya pili, akaacha barua pepe yake. Wakaja wengine. Ikawa watu wazima wamesimama nyuma ya kiti cha mzee, wakisoma kwa midomo Kiingereza cha wanasheria wa 1919, wakibishana kwa nini vitu hivi viwili vimewekwa pamoja. Mmoja akasema ni dharau. Kijana wa msahafu akasema ni heshima. Karani akasema si dharau wala heshima, ni uandishi: unapokuwa na mambo madogo mawili yasiyo na mahali, unayafungia ibara moja ukalale. Sijasikia maelezo mengine yanayonishawishi zaidi.

Mkataba ulianza kufanya kazi Januari 1920, kwa hiyo hesabu ya miezi sita iliisha Julai. Fuvu halikuja. Wajerumani walisema hawanalo. Makala ilituvusha hadi 1953, kwa gavana wa Tanganyika, Edward Twining, aliyekwenda mwenyewe hadi jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu yapatayo elfu mbili kwenye rafu zao, themanini na manne yakiwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani.

"Akajuaje lipi?" karani akauliza.

Hapo nikabonyeza kiungo, tukatoka katika historia tukaingia katika kile kilichojiita sayansi. Twining alichagua kwa vipimo. Kulikuwa na kipimo kilichobuniwa na Msweden Anders Retzius katika miaka ya 1840: unachukua upana wa fuvu, unagawanya kwa urefu wake, unazidisha kwa mia. Kwa karne nzima maprofesa wa Ulaya walitumia namba hiyo kuwapanga binadamu katika mafungu, nani wa juu na nani wa chini, na ndiyo maana rafu za Bremen zilijaa. Gavana aliwapima ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, akatafuta katika yale mafuvu linalofanana nao kwa namba, lenye tundu la risasi.

Mzee alivua miwani. "Kijana wangu," akasema, "ushahidi huo mimi nisingeupokea hata kwa kesi ya kuku."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akatuambia kwamba tarehe 19 Juni 1954 alikuwapo Kalenga, mwanafunzi wa shule ya msingi, kaptura imepigwa pasi ya mkaa, na alimwona Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi, akilipokea fuvu mkononi mwa gavana. Alikumbuka askari, hotuba, na vumbi. Akakumbuka kwamba wazee waliokuwa wamemwona Mkwawa kwa macho yao walikuwapo bado wachache, na walilia. "Lile tulilopewa tulilipokea," akasema. "Kupokea na kusadiki ni mashauri mawili tofauti." Akalipa, akachukua karatasi ya ibara ya 246, akaomba nimgongee muhuri wa kafe. Nikamgongea.

Usiku ule, baada ya kufunga, niliandika Mkwawa nikabonyeza kitufe cha pili, kile cha kuchoma pesa. Orodha ikaja: vita, machifu, Wajerumani, na katikati yake ukurasa wa fizikia. Nikadhani mtambo umekosea. Ulikuwa ukurasa wa athari ya Mpemba, na Mkwawa iliyotajwa humo ilikuwa shule, ile sekondari ya mjini kwetu iliyogeuzwa mwaka 2005 kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilipita mbele ya geti lile utoto wangu wote. Hakuna aliyeniambia.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walitengeneza aisikrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaingiza kwenye friji. Nafasi zilikuwa za kugombania. Siku moja Mpemba alimwona mwenzake anaiwahi nafasi kwa maziwa ambayo hata hajayachemsha, naye akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado mazito tu. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia aliambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Akaja Mkwawa kwa kidato cha tano na sita, wakafundishwa sheria ya Newton ya kupoa, akauliza tena. Mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na tangu hapo kila alipokosea darasani wenzake walimrushia maneno hayo. Siku alipokuja Dakta Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akasimama akauliza lilelile, maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, kwa nini ya pili yanaganda kwanza. Darasa likacheka. Osborne, ambaye hakuamini, aliporudi Dar alimwambia fundi wa maabara ajaribu. Matokeo yao waliyachapisha pamoja, Mpemba na Osborne, mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, wakati huo Mpemba akiwa chuo cha Mweka akisomea wanyamapori.

Ukurasa uliongeza kwamba Aristotle aliligusa jambo hili, na Bacon, na Descartes, kisha likasahauliwa mpaka mvulana alipogombania nafasi ya friji.

Nilimsubiri kwa hamu mwalimu mmoja wa fizikia, mteja wetu wa Ijumaa, mtu wa kusahihisha lugha ya vibandiko vyetu ukutani. Nikamwonyesha. Alisoma amesimama, akaketi, akasoma tena, uso umemwiva. Alikuwa ameifundisha sheria ya Newton ya kupoa mji uleule kwa miaka, kwa vitabu ambavyo havikumtaja Mpemba hata kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Muuza vitenge wa jirani, Mpemba wa Pemba hasa, aliposikia kelele akaingia kuuliza wamefanya nini sasa, tukamweleza, akasema kama ni kuganda kwa barafu basi wao hawamo, wao wanajua kuuza.

Mwalimu hakuwa mtu wa kuridhika na karatasi. Tulikwenda baa iliyopakana nasi kuomba friji. Mwenye baa, dada mkali wa Kibena, akasema, "Mwalimu, mkiniharibia bia zangu mtazinywa." Tukaweka vikombe viwili vya plastiki, kimoja cha maji ya bomba, kingine cha maji yanayotoa moshi. Lakini ule ulikuwa mwaka 2006, mvua zimekataa, bwawa la Mtera limeshuka, nchi nzima iko kwenye mgawo wa umeme. Friji ikazimika kabla ya matokeo. Usiku mwingine umeme ulipodumu tukavikuta vikombe havipo: mhudumu alikuwa amemtilia mteja barafu zote mbili kwenye soda. Mwalimu alimhoji mhudumu kwa dakika nyingi ni ipi ilikuwa imeganda zaidi, na binti wa watu akadhani anatuhumiwa wizi.

Wanafunzi wa vyuo walikuwa wateja wa aina nyingine. Wao hawakuja na swali wala jina, walikuja na mada iliyoandikwa ubaoni na mhadhiri, na walitaka kurasa. Tulichapa makala nzima nzima, wino ukaisha katikati, wakaondoka na karatasi zenye nusu ya juu nyeusi na nusu ya chini kijivu. Wasio na pesa ya kuchapa walinakili kwa mkono. Kila kifungu cha Wikipedia wakati ule kilikuwa na neno edit pembeni, ndani ya mabano, kwa ajili ya atakayetaka kukirekebisha. Nimeona kwa macho yangu insha iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko mzuri wa shule ya wamisionari, na neno edit limenakiliwa kwa uaminifu mwishoni mwa kila kichwa cha habari. Mhadhiri mmoja alikuja mwenyewe, akaketi na rundo la kazi zao mapajani, akafungua kurasa zilezile moja baada ya nyingine, akipiga alama nyekundu. Akilipa akaniambia, "Mdogo wangu, wewe unanipa kazi."

Katika hao alikuwamo msichana aliyekuwa na mada juu ya Nkrumah, na kupitia Nkrumah tukamfikia W. E. B. Du Bois, msomi wa Kimarekani aliyehamia Ghana mwaka 1961, umri umepita miaka tisini, aongoze kazi ya kuandika ensaiklopidia ya Afrika. Alifia Accra mwezi Agosti 1963 kazi ikiwa changa. Msichana aliniuliza mzee wa umri ule alihangaika na nini. Nikamwonyesha kona, kwenye Encarta yetu, ambako Tanzania nzima, na madini na milima na dini zake, ilimalizika kabla hujafika chini mara nyingi, na Uswisi ikaendelea.

Na wasifu. Nadhani kila aliyewahi kukaa mbele ya kisanduku kile, mhadhiri na muuza vitenge, alipodhani hatazamwi aliandika jina lake. Kisha jina la baba yake. Yalirudi hayapo, ukiyataja ndani ya makala yanatokea kwa rangi nyekundu, maana yake ukurasa huo bado haujaandikwa. Fundi seremala mmoja alimtafuta hivyo baba yake, askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, aliyepigana Burma. Hayupo. Nikamwambia niambie jina lingine, lolote ambalo mzee alikuwa analitaja. Akasema baba yao alikuwa akilewa anaimba habari za bonde la Kabawi, matope mpaka kiunoni na nyumbu wanakufa, na wao watoto waliamini Kabawi ni mahali alipopabuni pombe imemshika. Tulijaribu tahajia kadhaa. Kisha ikaja: bonde la Kabaw, ambalo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ililishuka mwaka 1944 katika masika, ikiwafukuza Wajapani, hadi mto Chindwin pale Kalewa mwezi Desemba. Matope yametajwa. Seremala aliikodolea ramani macho, akaweka kidole juu ya skrini, nami kwa mara ya kwanza sikumkataza mteja kugusa skrini.

Toleo la Kiswahili la Wikipedia lilikuwapo tangu 2003, lakini kwenye kafe yetu hakuna aliyelifungua mpaka lilipoanza kujaa kata. Kuna watu waliojitolea wakaingiza kata za Tanzania moja moja, na kila kata ikapata sentensi zake mbili: iko wilaya gani, na ina wakazi wangapi kwa sensa ya 2002. Basi. Wasomi waliyacheka makala hayo, na kweli yalikuwa machache ya maneno. Sikuyacheka mimi, kwa sababu niliona wanavyofanya watu wa Kilolo na Mufindi wakiikuta kata yao imeandikwa. Wanaita wenzao. Wanabishia idadi ya watu. Mmoja alitaka kujua nani amewahesabu bila yeye kuwapo, na hapo nikamwonyesha kwamba anaweza kuandika lake chini, akarudi nyuma kana kwamba nimemwambia aongeze aya kwenye msahafu.

Waya wa baharini ulipofika, mambo yalikwenda upesi. Modemu za kuchomeka zikaingia madukani, kisha simu. Microsoft ikaifunga Encarta mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo wa 2009. Mashine ya kona ikabaki na Mobutu wake mpaka bosi alipoiuza kwa fundi. Mwaka 2012 Britannica, iliyoanza kuchapwa Edinburgh mwaka 1768, ikatangaza kwamba haitachapa tena toleo la karatasi. Kafe ikawa ya fotokopi, kisha ya kutuma pesa. Mimi mkopo ulikuwa umetoka, nikaenda Dar es Salaam kusoma ukutubi, fani ambayo ndugu zangu hadi leo hawaelewi inalipa vipi.

Kisanduku nacho kikabadilika. Kikaanza kukisia: unaandika herufi tatu, kinakumalizia. Siku hizi mtu anaiuliza simu swali zima, kama lilivyo kinywani, na anapewa jibu moja. Ni wepesi mkubwa, na yule mama wa vitunguu angeupenda. Ila ninapowafundisha wanafunzi kutafuta, bado nawalazimisha kwanza kunitajia jina, na wanaponiuliza sababu nawasimulia ibara ya 246, kwamba tuliomba fuvu tukaonyeshwa na msahafu.

Yule mwalimu wa fizikia amestaafu, yuko Ipogolo anafuga kuku, na tunaandikiana. Mwaka 2016 niliona utafiti wa wanasayansi wawili walioko Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, waliopima kwa uangalifu mkubwa wasiione athari ya Mpemba, wakaonyesha kwamba tofauti ndogo tu ya mahali kipimajoto kilipowekwa inaweza kumdanganya mtu. Nikamtumia kwa shingo upande. Mwaka 2020 wengine wawili huko Canada, Avinash Kumar na John Bechhoefer, wakachapisha katika jarida la Nature kwamba wameiona, si kwenye maji yanayoganda bali kwenye chembe ndogo mno iliyowekwa ndani ya maji: yenye joto zaidi ilipoa mapema zaidi. Nikamtumia na huo nikitegemea atashangilia.

Akakaa kimya siku nzima, halafu ikaja meseji yake. Amesoma zote mbili. Hawa wametumia maji, na wale pia wametumia maji. Mpemba alianza na maziwa na sukari. Kuna yeyote kati yao aliyejaribu maziwa?